Aliyesimama Mlangoni

Nyacheki
11 Februari 2024

Makori tata,

Basi Osoro akarudi tena, vile nilikuambia atarudi, na safari hii hata kiti hakungoja apewe. Lakini subiri. Joyline ameweka kalamu chini ananiangalia, anasema barua inaanza na salamu. Haya. Nakusalimu, mwanangu. Sisi huku tuko. Na wewe askari wa jela unayefungua hii usome kabla yake, nakusalimu pia, watoto wako hawajambo? Tumeambiwa tuandike Kiswahili ndio uelewe. Ukiona imepinda usinilaumu. Mimi shule niliiona kwa nje tu, na Kiswahili nilikiokota soko la Daraja Mbili nikiuza ndizi, nikisikia vile wateja wanatukana. Joyline ni fundi wa nguo hapa jirani, ndiye anaandika, na nimemkataza asinitengenezee maneno.

Ng'ombe alizaa. Ndume. Nilitaka jike lakini nani aliniuliza. Mvua ya mawe ilipiga chai ya upande wa mto, majani yakawa kama yametafunwa yakatemwa. Binti yako Linda ameingia gredi ya nne. Anakula, anaoga, anaenda shule. Kuongea ndio bado. Mwalimu amesema apewe muda. Nikamwambia mwalimu, muda tunao, huo hatununui.

Sasa Osoro. Huyu ndugu ya baba yako, tangu wale watu wa Nyamira wampige, anatembea na fimbo mbili, na akiongea hewa inapita mahali meno yalikuwa, kila neno linatoka na filimbi. Wewe hukuona hiyo siku, polisi walikuwa wameshakuchukua. Ndugu za mke wako Kemuma walikuja na lori mbili. Walianza na migomba, wakafyeka yote, ya kupika na ya kuivisha, ile ya baba yako ya nyuma ya choo pia. Halafu wakamwagia nyumba yako petroli. Osoro akatoka na Biblia, ati aombe amani. Walimpiga na hiyo hiyo Biblia kwanza, halafu na mpini wa jembe. Meno yake niliokota mimi kwa majani ya chai. Na mwili wa mke wako wakasema utazikwa kwao, hawaachi mtoto wao kwa boma ya wachinjaji. Hiyo neno, wachinjaji, walisema wakiniangalia mimi.

Na bado Osoro anakutetea, damu ni damu. Ameniambia hivi: kesi ikiitwa nisimame niseme mimi nilikuwa mlangoni tu. Nilisikia kelele, sikuona mtu. Ni wezi.

Wewe askari, kama si mtu wa kwetu, wacha nikuelezee, usije ukafikiri tunaongea mafumbo. Kwetu kijana akishaoa, mama yake haingii mahali analala. Sebuleni sawa, jikoni sawa, utakaa hata siku nzima ukimenya viazi. Chumba, hapana. Akiwa mgonjwa ataletwa nje umwone. Hiyo inaitwa ensoni. Ni heshima na ni aibu, zote kwa chungu moja. Kwa hivyo Osoro anasema jaji akiuliza mtu yeyote wa hapa, hata mlevi, ataambiwa mama ya Makori hawezi kuwa aliingia.

Lakini kuna ile stetimenti. Niliandikisha kwa polisi kesho yake baada ya Kemuma kufa, na kidole nikaweka. Hiyo haisemi mlangoni. Inasema niliingia, inasema nani nilimwona na alikuwa ameshika nini. Osoro anajua. Wewe unajua.

Juzi huyo polisi wa kesi yako, Anyona, alikuja na pikipiki akaniuliza kama bado nasimama na maneno yangu. Nikamuuliza chai anakunywa ya maziwa ama kavu. Akanywa. Akauliza tena. Nikamwongezea.

Ni mimi mama yako,
Nyakerario

Rimandi
3 Aprili 2024

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mwanao Makori. Mimi ni mzima kiasi na namshukuru Mungu. Barua yako ilikawia kwa ofisi, imenifikia juzi. Nimefurahi ng'ombe amezaa. Ndume msiuze haraka.

Maisha ya huku ni ya kuvumilia. Wiki jana watu wawili waligombania blanketi, mmoja akamng'oa mwenzake sikio kwa meno, akalitema karibu na mahali ninalala. Tuliosha sakafu na maji baridi lakini harufu haikuisha. Mimi hukaa kimya kwa kona yangu. Nimejiunga na kwaya ya Sabato.

Mama, wakili wangu ni kijana mwerevu. Ameisoma ile stetimenti yako. Anasema ilichukuliwa haraka, wewe ukiwa umechanganyikiwa, ukiongea Kigusii na polisi akiandika vile anataka. Anasema watu hutishwa na stetimenti bure. Mwenyewe asipoyasema kwa mdomo mbele ya jaji, hiyo inabaki karatasi, na karatasi haifungi mtu. Pia anasema jaji ni mtu wa kuelewa mila.

Mimi sikuambii cha kusema. Hapana, hiyo hairuhusiwi. Nakukumbusha tu wewe ni mama wa aina gani. Tangu nioe hujawahi kupita mlango wa chumba changu. Hata nilipokuwa na malaria uliita kutoka nje.

Na mkono wako natumaini umepona. Hiyo nyasi ya ng'ombe inakata kama wembe.

Msalimie Linda. Mwambie asome kwa bidii. Mengine usimwambie.

Wako mwanao,
Makori

Nyacheki
20 Juni 2024

Makori,

Nyasi ya ng'ombe. Joyline alisoma hapo, nikamwambia rudia, akarudia, nikamwambia rudia tena. Akaniuliza kama sijasikia. Nilisikia.

Nakusalimu. Sisi ni wazima. Askari, habari yako, tunaomba barua zisilale sana kwa ofisi, hii yake ilifika na harufu ya mandazi. Ndume hatujauza, anaruka ua kama mwizi. Migomba imeanza kuchipuka tena, hiyo haijui kukasirika. Linda alisema "maziwa imemwagika." Ndiyo maneno yake ya kwanza marefu mwaka huu. Nilimwaga mengine makusudi nione kama atasema tena. Alichukua tu kitambaa akapanguza.

Mwezi jana nilienda Daraja Mbili kutafuta mbegu ya chinsaga, ile mboga yetu chungu. Nimeinama kwa mboga, nikashikwa shingo kutoka nyuma. Nikafikiri ni vijana wa kuiba simu. Kumbe ni mama ya Kemuma, ametoka Nyamira na parachichi zake. Yule mama amekonda lakini ana mikono ya mtu wa kuchimba. Alinigonga kichwa kwa meza ya nyanya, tena, tena, mpaka nyanya na damu sikujua ni ipi. Hakunitusi. Alikuwa anasema tu, "Ulikuwa hapo. Ulikuwa hapo." Wanawake wa mitumba walituachanisha. Mmoja akanipa kitambaa nifunge kichwa, halafu akauliza kama nitanunua. Watu wa Daraja Mbili ni hao.

Sikumrudishia hata kofi. Joyline anasema ningeshtaki. Nimshtaki kusema nini? Kwamba ameongopa?

Kutoka hapo nikaitwa Kisii kwa ofisi ya yule mama wa serikali anayeshika kesi. Anaitwa Aloo, mtu wa huko ziwani, mnene kidogo, alivua viatu chini ya meza akifikiri sioni. Aliona kichwa changu kimefungwa, akaniuliza kama ni wewe umetuma mtu anipige. Nikamwambia hapana, hiyo ni ya upande ule mwingine. Akatafuta mtu wa kutafsiri. Nikamwambia leta Kiswahili yako, tutakutana katikati.

Akanisomea stetimenti. Makori, ni kitu kigumu kusikia maneno yako yakitoka kwa mdomo wa mtu mgeni. Nilikuwa nimesahau vile niliongea siku hiyo. Nilikuwa bado na ile leso ya damu, imekauka imekuwa ngumu kama ngozi ya ng'ombe, na polisi aliyeandika alikuwa anaandika akigeuza uso. Hakuandika vile anataka, mwambie wakili wako. Alinisomea yote kwa Kigusii kabla ya kidole. Na niliweka kidole gumba cha kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka hapa.

Aloo akasema, mama, nasikia watu wako wanataka ugeuke. Nikaangalia viatu vyake. Akasema, ukigeuka nitamwomba jaji ruhusa nikuulize kama adui. Hii itasomwa mstari kwa mstari mbele yako, na mbele ya shemeji zako wote, vile uliingia, vile ulimkuta mtoto wako hana nguo. Yote. Nikamuuliza, na baada ya hapo atafungwa? Akasema hapana. Karatasi itaonyesha tu wewe ni mtu wa maneno mawili, na jaji hawezi kumfunga mtu kwa maneno ya mtu kama huyo, atayatupa yote. Kwa hivyo, akasema, aibu utaipata hata hivyo, na Kemuma atabaki bila mtu.

Hapo wakili wako na Aloo wanasema kitu kimoja. Nilishangaa.

Halafu akauliza kama kulikuwa na mtu mwingine, mtu yeyote, karibu na nyumba jioni hiyo. Kwa sababu nikigeuka itabidi atafute. Nikamwambia hakuna. Joyline, andika, hakuna. Mbona umesimamisha kalamu.

Unasema unanikumbusha mimi ni mama wa aina gani. Wacha na mimi nikukumbushe mmoja. Nyanya yako, mama ya baba yako, wewe unamkumbuka na peremende zake. Huyo ndiye alikuwa mama wa kusimama mlangoni. Baba yako nikiwa na mimba, ile ya kabla yako, alinipiga na kigoda cha miguu mitatu mpaka mguu mmoja ukavunjika, akaendelea na miwili. Nyanya yako alikuwa hapo nje. Niliona vidole vyake vya miguu chini ya mlango. Nilimwita. Unajua alifanya nini? Aliimba wimbo wa kanisa, kwa sauti kubwa, ndio asinisikie. Baba yako alipoenda kunywa, mama huyo akafungua mlango kidogo, akaweka kikombe cha maji chini, akakisukuma na mguu kupita kizingiti. Mwili wake ukabaki nje. Mimi nikatambaa nikafuata hicho kikombe, na mimba ikatoka hapo njiani.

Watu walimsifu mpaka anazikwa. Mwanamke wa heshima.

Mkono unafunguka vizuri isipokuwa vidole viwili. Hivyo vimekataa.

Nyakerario

Rimandi
2 Septemba 2024

Mama,

Salamu. Mimi si mzima. Naandika kwa shida.

Miguu imevimba mpaka viatu haviingii. Nina vidonda kwa mapaja na tumboni, vinatoa maji. Daktari wa huku amenipa dawa mara nyingi, haisikii. Wenzangu wamehama kona yangu. Jumapili nilipigwa kwa sababu ya harufu, nimepoteza jino la mbele. Sasa mimi na Baba Osoro tunafanana.

Hii si ugonjwa wa hospitali. Wewe unajua ni nini na mimi najua. Nilijifanya sijui lakini mwili umeniambia.

Nakuomba, mwambie Baba Osoro achinje ile mbuzi ya mlango. Afanye kabla ya siku ya kesi, nisifike mbele ya watu hivi. Shati yangu ya kijani uliyoniwekea, itumike badala yangu. Wewe usimame upande wako, shati iwekwe upande wangu, afanye vile inafanywa.

Silali. Nikifunga macho nakuona umesimama pale na ile taa ya sola.

Tafadhali, Mama. Fanya haraka.

Makori

Kisii, kwa benchi ya kortini
14 Novemba 2024

Makori tata,

Nakusalimu, ingawa wewe uko hapo nyuma ya huu ukuta na nimesikia ukikohoa. Kikohozi chako nakijua tangu ukiwa mdogo. Tutaonana sasa hivi na hatutasalimiana. Hii utaisoma ukirudi ndani, mimi nitakuwa nimeshasema. Joyline atampa askari. Nimebeba mkate na sabuni, hizo pia atampa. Joyline anaandika kwa goti juu ya mfuko wake, kwa hivyo mwandiko ukienda mlima vumilia. Chai yetu ya chupa imepoa. Kuna wakili amepita hapa na kanzu nyeusi imeshonwa vibaya kwa bega, Joyline amemfuata kwa macho mpaka mwisho wa njia.

Mbuzi ilichinjwa. Nakuambia ndio ujue sikukunyima.

Osoro alishtuka na barua yako, hakungoja hata nimalize kusikia. Alimvuta mbuzi mwenyewe na hizo fimbo zake mbili, ilikuwa kitu cha kuchekesha, yeye anaanguka, mbuzi anaanguka. Majirani wakaja. Mzee wa kanisa alikuja kusema hiyo ni mambo ya giza, akabaki kwa sababu ya paja. Nikasimama upande wangu wa kizingiti, kwa sababu nyumba yako ilichomwa na kizingiti ndicho kilibaki. Shati ya kijani ikawekwa upande wako, ndani. Osoro akachinja, akapaka shati mafuta, akaja akashika mkono wangu huu apake. Akaufungua. Akaona ile alama, vile inapita vidole vyote vinne kama mstari umechorwa. Akabaki ameshika kisu na mkono wangu. Watu wakasogea waone.

Akaniambia, na hiyo filimbi yake, "Nyakerario, tumechinja nini hapa?"

Nikamwambia, "Umechinja wewe. Mimi nimesimama tu."

Akakaa chini, hapo hapo kwa damu.

Wewe askari, umesoma barua yake ya mbuzi ukaona ni mbuzi. Hukuwa na makosa. Kwetu hiyo mbuzi haichinjwi kwa mama aliyebaki nje. Mama aliyebaki nje anachinjiwa nini? Inachinjwa kwa yule aliyeingia mahali hapaingiwi, akaona mtoto wake vile haonwi, ndio miili yao isioze. Makori, ulivimba miguu ukaogopa, ukaandika na mkono wako. Osoro akaogopa nawe. Sasa Nyacheki yote imekula hiyo nyama. Hakuna mlevi aliyebaki wa kumwambia jaji sikuingia.

Sikuwatega. Ungeniuliza ningekuambia. Lakini ulikuwa unaniambia tu, nyasi, nyasi.

Wacha niseme yote kwako kwanza, kabla sijasema kwa wageni. Jua lilikuwa linazama Ijumaa, Sabato inaingia, mimi na Linda tunaimba jikoni kwangu. Kemuma akapita na kikapu, amechelewa sokoni, akainua mkate juu tuuone. Akaingia kwenu abadilishe nguo aje tuimbe naye. Wewe ulikuwa umelala tangu mchana na ile pombe ya bonde. Nikasikia ukimuuliza alikuwa na nani. Akasema, "Nilikuwa na ndizi." Hata mimi nilicheka. Huyo msichana alikuwa na mdomo, ndio sababu nilimpenda.

Halafu nikasikia panga. Nimekata miti maisha yangu yote, na hiyo sauti si ya mti.

Nilikimbia. Nilipofika mlango wa chumba, miguu ilisimama yenyewe. Nilikuita jina. Nikasikia panga mara ya pili. Na hapo, Makori, niliangalia chini nikaona vidole vyangu vya miguu, vimejipanga kwa kizingiti kama vya nyanya yako. Nikaingia.

Ulikuwa huna nguo. Yeye alikuwa chini kati ya kitanda na ukuta, ameweka mkono juu ya kichwa, na huo mkono ulikuwa umeshikwa na ngozi tu. Alikuwa anasema jina lako pole pole, kama mtu anamwamsha mtu. Ukakata shingo. Nikashika panga, chuma chenyewe, ukavuta, vidole vikafunguka mpaka mfupa. Mkono wa pili nikashika wako. Ukanipiga teke ya kifua. Ukamrudia uso, na alikuwa ameshaenda, Makori, ulikuwa unakata mtu ameenda. Ukakata sikio, ukakata mdomo ule wa ndizi. Ukuta ulinyunyiziwa mpaka kalenda ya kanisa. Halafu mwanga ukaja kwa uso wako ukageuka.

Unasema ukifunga macho unaniona nimesimama na taa. Fikiri vizuri. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwako. Nilikuwa nimeshika panga na mmoja na wewe na mwingine. Taa ningeshika na nini?

Ile taa ya sola ni ya kusomea. Ni ya Linda.

Alinifuata. Mlangoni kulikuwa na mtu, na si mimi. Alisimama hapo akatushikia taa mpaka mwisho, hakulia, hakuiangusha. Nilipotoka ndio nikamgeuza uso, na leso yangu ikampaka damu ya mama yake hapa kwa shavu. Kwa stetimenti sikumtaja. Kwa Aloo nilisema hakuna. Joyline amejua leo, ona amepanguza macho na mkono wenye wino. Askari, hiyo ya mtoto uisahau, nakuomba kama mama yako.

Kwa hivyo unaona ni mahali pa nani mnaniambia nichukue? Osoro anasema nisimame mlangoni, wakili wako anasema nisimame mlangoni. Hapo mahali pana mwenyewe. Nikikaa hapo, Aloo ataanza kuuliza nani mwingine aliona, na atauliza vizuri, huyo mama hachoki. Atamfikia. Watamweka Linda kwa kile kiti cha mbele, miguu haifiki chini, waseme mtoto tuambie baba alishika nini. Na wewe ukiwa hapo unamwangalia. Tangu siku hiyo amesema maziwa imemwagika na maneno mengine machache. Hayo hayatakuwa ya korti.

Nitayasema mimi. Na mdomo, si na karatasi. Karatasi waisome tu waone maneno yanafanana. Nitasema hukuwa na nguo, na Osoro akiwa hapo, na watu wa Nyamira wakiwa hapo. Mama ya Kemuma ameshafika, amekaa benchi ya ng'ambo na parachichi zake chini ya miguu. Hajaniangalia. Asubuhi aliniletea moja, akaiweka hapa kando yangu, akarudi kukaa. Sijui maana yake. Imeiva.

Wakiniuliza mwanga ulitoka wapi, hapo sijui nitasema nini. Nimefikiria tangu nyumbani.

Wewe ni mtoto wangu. Hiyo mbuzi nililipia, na vidonda vikipona niandikie. Mkate kula mwenyewe, usinyang'anywe. Jino lako la mbele, nilikuwa nataka kukuambia, hata la kwanza lile la utoto ulilitoa kwa kupigana, na yule mtoto mwingine alikuwa

Ngoja. Kuna mtu ametoka na karatasi. Anaita Nyakerario Masese. Anaita tena, anafikiri sisikii.

Mlango umefunguliwa. Shika parachichi yangu, Joyline, funga hapo. Naingia.